Walirudi na Watoto

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, Uganda ikiwa ndiyo kwanza imemaliza kusherehekea siku ya uhuru wake, wapiganaji wa Joseph Kony waliivamia shule ya wasichana ya St. Mary's huko Aboke, kaskazini mwa nchi. Waliingia bwenini, wakawafunga kamba wasichana 139 na kuwaswaga gizani kuelekea porini. Kulipokucha, Sista Rachele Fassera, mtawa Mtaliano wa shirika la Comboni aliyekuwa naibu mkuu wa shule, alianza kuwafuata kwa miguu. Aliandamana na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen. Wakafuata nyayo na maganda ya peremende yaliyotupwa njiani hadi wakawafikia.

Sista alipiga magoti mbele ya kamanda wa kundi, Mariano Ocaya. Aliomba abaki yeye, watoto waende. Kamanda akachukua kijiti, akaandika kwenye udongo: 139, halafu 109, halafu 30. Maana yake ilikuwa kwamba wasichana 109 wangeondoka na Sista, na 30 wangebaki. Aliwachagua mwenyewe wa kubaki, na Sista akalazimika kugeuka na wale aliopewa huku wengine wakilia nyuma yake.

Wale 109 walirudi shuleni na magazeti ya dunia yakaandika habari zao. Wale 30 waligawiwa wanaume. Katika miaka iliyofuata baadhi yao walikufa, na waliosalia wakatoka mmoja mmoja, wengi wakiwa na mtoto mgongoni.

Kony alizaliwa Odek, katika nchi ya Waacholi. Jina lake lilianza kusikika mwaka 1987, wakati ambapo jamaa yake, Alice Auma aliyejulikana kama Lakwena, alikuwa akiongoza maelfu ya watu kuelekea Jinja. Alice aliwaaminisha watu hao kwamba mafuta ya shea waliyopakwa yangewakinga na risasi. Hayakuwakinga. Jeshi lake lilivunjwa mwishoni mwa mwaka huo, naye akakimbilia Kenya, alikofariki mwaka 2007 katika kambi za Dadaab. Kony alikusanya mabaki ya imani hiyo na kuyafanya yake. Alikuwa na pepo waliosema kupitia kinywa chake, msalaba wa mafuta uliochorwa mwilini mwa kila aliyeingizwa kundini, Amri Kumi za Mungu, mifungo, sala ndefu, na miiko ya pombe na nyama ya nguruwe. Kundi lake likaitwa Jeshi la Upinzani la Bwana, LRA.

Waandishi wengi wameisimulia LRA kama habari ya vita: mashambulizi, mazungumzo, waasi na serikali. Ukiwasikiliza wanawake waliotoka huko, utasikia habari ya nyumba. Wanakuambia nani alikuwa mke mkubwa, nani alipika, nani alipigwa kwa sababu ugali ulichelewa, nani alipewa nani. Msichana aliyekuwa hajavunja ungo aliwekwa katika boma la kamanda kuwa mtumishi na mlezi wa watoto. Alipovunja ungo aligawiwa mwanamume. Akikataa alichapwa fimbo, na wapo waliouawa. Mwanamume akifa vitani, mjane alitakaswa kisha akapewa mwingine. Makamanda walikuwa na wake kadhaa kila mmoja, na wake wa Kony mwenyewe walihesabiwa kwa makumi. Yote hayo yalifanywa kwa jina la Roho. Kony alidai kwamba pepo walimwagiza alee taifa jipya la Waacholi waliotakaswa, na taifa hilo lingezaliwa na wasichana hawa.

Najua ndoa za wake wengi zipo kwetu, na wapo wazee wenye wake wawili au watatu wanaoishi kwa amani na kuheshimiana. Sizungumzii hao. Nazungumzia nyumba ambayo mke hakuombwa kwa wazazi wake, hakutolewa mahari, hana kaka wa kumkimbilia akionewa, na adhabu ya kuiacha ni kifo.

Mtu akiuliza kwa nini hawakutoroka mapema, jibu ni mtoto. Shirika la watoto la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watoto zaidi ya 20,000 walitekwa na LRA kwa miaka mingi ya vita hivyo, na wengi wao walitoroka ndani ya wiki au miezi ya mwanzo, kabla ya kuvushwa mpaka wa Sudan. Aliyevuka aliona ugumu wa kurudi ukiongezeka. Aliyezaa huko aliona umekuwa mkubwa zaidi. Mtoto mchanga hulia usiku. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutembea siku nzima bila maji, na ukimbeba, kasi yako inapungua hadi wanaokufuata wanakupata. Aliyekamatwa akitoroka aliuawa kwa marungu, mara nyingi na mateka wenzake waliolazimishwa kufanya kazi hiyo ili nao wasithubutu. Kuondoka peke yako na kumwacha mtoto katika boma la yule mtu, hilo nalo wengi hawakuliweza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na makamanda walilijua hilo vizuri. Mwanamke aliyezaa alichungwa kidogo kuliko kabla ya kuzaa na kupewa heshima fulani bomani, kwa sababu walijua kwamba sasa amefungwa kwa kamba isiyohitaji mlinzi.

Kule Lira, miongoni mwa wazazi wa wale 30, alikuwapo mkunga aitwaye Angelina Acheng Atyam. Pamoja na wazazi wengine aliunda chama cha kudai watoto warudishwe, na sauti yake ikasikika hadi Umoja wa Mataifa, uliomtunuku tuzo ya haki za binadamu mwaka 1998. Kelele zake ziliwaudhi waasi. Wakamletea ujumbe kwamba akinyamaza, binti yake atarudishwa. Angelina alijibu kwamba atanyamaza watakaporudi watoto wote. Waasi walikataa, na binti yake akaendelea kubaki msituni. Nimewahi kusikia watu wakimlaumu kwa jibu lile, wakisema mama wa kweli angemchukua wake kwanza. Mimi naliona kuwa miongoni mwa maneno makubwa kabisa yaliyotamkwa katika vita hivyo, kwa sababu alijua kwamba mtoto mmoja akinunuliwa kwa kimya, watoto wa wengine watakuwa wameuzwa. Baadaye alifanya jambo jingine lililowashangaza wengi. Alimwendea mama wa kamanda aliyekuwa amemshikilia bintiye, akamwambia kwamba amewasamehe.

Mwezi Machi 2002 jeshi la Uganda, kwa ruhusa ya Khartoum, liliingia kusini mwa Sudan kuzishambulia kambi za Kony katika operesheni iliyoitwa Ngumi ya Chuma. Serikali ya Sudan ilikuwa imemfuga Kony kwa miaka kadhaa ili kuiadhibu Uganda, iliyokuwa ikiwasaidia waasi wa kusini mwa Sudan. Sasa maboma yakavunjika. Wanawake walijikuta wakitembea milimani na watoto, nyuma yao wapiganaji, juu yao helikopta za kivita ambazo marubani wake hawakuweza kumtofautisha mpiganaji na mama mwenye mtoto mgongoni. Wengi walikufa kwa kiu na kwa risasi. Lakini katika vurugu hiyohiyo ulinzi ulilegea, na njia zikaanza kufunguka.

Njia nyingine ilipitia redioni. Uganda ilikuwa imepitisha sheria ya msamaha mwaka 2000, na Mega FM ya Gulu ikaanzisha kipindi kilichowaita waliomo msituni warudi nyumbani. Waliokwishatoka walizungumza wenyewe, wakitaja majina yao na ya waliowaacha nyuma, wakisema hawakuuawa kama Kony alivyowatisha. Makamanda waliwakataza watu kusikiliza, nao wakasikiliza kwa siri. Sauti ya mwenzako mliyelala naye chini ya mti mmoja ina nguvu kuliko karatasi zote zinazodondoshwa na ndege.

Binti wa Angelina alitoroka mwezi Julai 2004, baada ya karibu miaka minane. Aliondoka nyumbani akiwa mwanafunzi, akarudi mama wa watoto wawili. Mama yake, aliyezunguka dunia akimdai, sasa alikuwa bibi wa wajukuu ambao baba yao ndiye mtekaji. Aliwapokea. Lira wakati huo tayari kulikuwa na kituo cha kuwapokea waliotoka msituni, kilichopewa jina la Sista Rachele.

Evelyn Amony naye alitekwa mwaka 1994 akiwa msichana mdogo, akielekea nyumbani kutoka shule. Kwanza aliwekwa kuwalea watoto wa Kony, kisha akafanywa mmoja wa wake zake, akazaa naye mabinti watatu. Katika mapigano alipotezana na mmoja wao. Mwanzoni mwa 2005, akiwa na mtoto mchanga, aliangukia mikononi mwa jeshi la Uganda na kurudishwa Gulu. Maisha yake ameyaeleza mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2015, na kwa hiyo jina lake nalitaja bila wasiwasi. Kinachonigusa zaidi ni alichofanya baada ya kurudi. Wanawake waliokuwa wamepitia hayo wakaunda mtandao wao, yeye akiwa mwenyekiti, na mwaka 2014 walipeleka madai yao mbele ya Bunge la Uganda: matibabu, ardhi, shule kwa watoto waliozaliwa msituni. Wabunge waliyakubali kwa azimio. Azimio la Bunge si shamba wala si karo ya shule, na wanawake hao hawajaacha kudai.

Kufikia hapo msitu wenyewe ulikuwa umehamia Kongo. Kuanzia mwaka 2005 wapiganaji wa Kony walivuka na kujificha katika Hifadhi ya Garamba, upande wa Dungu, Uele Juu. Januari 2006 waliwaua wanajeshi wanane wa Guatemala waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mazungumzo ya amani ya Juba yaliendelea kwa miaka miwili na Kony hakutia sahihi. Septemba 2008 walivamia Duru na vijiji vya jirani, wakateka watoto shuleni, kama walivyofanya Aboke miaka 12 kabla. Tarehe 14 Desemba 2008 ndege za Uganda zilipiga kambi za Garamba, na kisasi kikawaangukia Wakongo wasio na kosa. Krismasi ile, Faradje, Doruma na kwingineko, na katika wiki zilizofuata, watu zaidi ya 800 waliuawa, wengi kwa marungu na mapanga. Desemba 2009 waliuawa wengine zaidi ya 300 katika eneo la Makombo. Wasichana wa Kizande walitekwa na kugawiwa kama walivyogawiwa wasichana wa Kiacholi.

Hata hivyo ni katika msitu huohuo wa Kongo ambapo hesabu ya Aboke ilifungwa. Machi 2009, kambi zikiwa zimetawanyika, msichana wa mwisho kati ya wale 30 aliyekuwa bado hai mikononi mwao alitoroka akawafikia wanajeshi. Alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Alichukuliwa shuleni kwa kamba mwaka 1996, akatoka kwa miguu yake miaka 12 baadaye, katika nchi ambayo huenda hakuwahi kufikiria kuifika.

Upande wa Kongo hakukuwa na vituo vingi vya kuwapokea waliotoka. Huko Dungu alikuwapo Sista Angélique Namaika, ambaye mwenyewe aliwahi kulikimbia jeshi la Kony mwaka 2009. Alikuwa akiwazungukia wanawake kwa baiskeli kwenye barabara za udongo. Aliwafundisha kusoma, Kilingala, ushonaji, kuoka mikate na kulima pamoja, na aliwapokea waliofika na watoto ambao majirani hawakutaka kuwaona. Zaidi ya wanawake 2,000 walipita mikononi mwake, na mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mikate inaweza kuonekana kitu kidogo mbele ya mambo niliyoyataja. Kwa mwanamke ambaye kwa miaka alipika kwa amri ya mtu mwenye bunduki, kuoka mkate, kuuza na kuzishika fedha zake mwenyewe ni kuanza kumiliki siku zake.

Kutoka Dungu hadi huku kwetu Kamanyola, mashariki mwa Kongo, ni mbali, na wengi wetu katika bonde la Ruzizi tunaisikia LRA kama habari ya nchi nyingine. Ya kwetu tunayajua. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha Bukavu mwaka 1999, imewapokea kwa maelfu wanawake walioshambuliwa vijijini au kushikwa na makundi ya silaha katika misitu ya Kivu, baadhi yao wakifika na mimba au na watoto. Dunia ilimpa Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mama anayepanda milima ya Ngomo ndani ya gari kuelekea Panzi na yule aliyefika Dungu kwa miguu wanakutana na swali lilelile wanaporudi kwao: mtoto huyu ni wa nani?

Kamanyola pia imetufundisha tusichanganye mambo. Hapa waliishi kwa miaka Warundi zaidi ya 2,000, Wakatoliki waliomfuata Eusebia Ngendakumana, aitwaye Zebiya, aliyesema Bikira Maria anamtokea juu ya kilima cha Businde. Kwao waliteswa. Machi 2013 polisi wa Burundi waliwafyatulia risasi mahujaji wake kilimani, na wafuasi wakavuka mipaka pamoja na wake na watoto wao. Walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole kwa sababu ya imani yao, na wengi wakawaona watu wa ajabu. Tarehe 15 Septemba 2017 wanajeshi wa Kongo waliwafyatulia risasi hapa mjini walipokuwa wakidai wenzao waliokamatwa waachiwe. Walikufa wasiopungua 36. Machi 2018 waliobaki walivuka kuingia Rwanda, na wengi wao wakaishia kurudi Burundi. Wakimbizi hao walikuwa na imani ya peke yao, lakini Zebiya hakuwateka, na hakuna kamba iliyowafunga kwake. Akina mama wao walikuwa wakiwakimbiza watoto wao kutoka kwa serikali. Anayeona kundi la dini asilolielewa akaanza kuogopa, aulize kwanza kama mwanamke aliyemo anaweza kuamka asubuhi akawachukua watoto wake na kuondoka. Kwa Zebiya aliweza. Kwa Kony angeuawa njiani. Shakahola, pwani ya Kenya, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa mwaka 2023 katika msitu wa mhubiri Paul Mackenzie, walionusurika walisimulia juu ya walinzi waliowazuia wasitoke.

Narudi kwa watoto. Katika desturi ya Waacholi aliyerudi hukanyaga yai bichi langoni kabla ya kuingia nyumbani, na wazee wanamwombea. Maelfu walilikanyaga yai hilo. Lakini mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na ardhi hutoka kwa baba. Mwana wa mpiganaji asiyejulikana, au wa anayejulikana mno, hana pa kulima. Mwanamke akiolewa tena, mume mpya mara nyingi humtaka aje peke yake. Watoto wakigombana uwanjani na wenzao wanaitwa Kony. Mtandao wa akina Amony umefanya kazi ngumu ya kuzitafuta koo za akina baba, kwenda kuongea na wazee, kuomba mtoto atambuliwe na aoneshwe mpaka wa shamba. Baadhi ya koo zimewakumbatia kwa furaha, kwa kuwa mwana wao aliyepotea ameacha damu. Nyingine zimefunga mlango. Naamini kazi hiyo inayofanywa chini ya miti, bila kamera, ina uzito sawa na ya majaji.

Majaji nao walifika. Dominic Ongwen, ambaye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto na akapanda hadi kuwa kamanda, alijisalimisha Januari 2015. Wanawake saba waliofanywa wake zake kwa nguvu walitoa ushahidi dhidi yake. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa, kosa ambalo mahakama hiyo haikuwahi kumhukumu mtu kabla yake. Alifungwa miaka 25, na rufaa yake ikakataliwa Desemba 2022. Februari 2024 majaji waliagiza fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa waathirika karibu 50,000, na kila mmoja wao apewe yuro 750 kama ishara. Watoto waliozaliwa katika ndoa zile walihesabiwa kuwa waathirika kwa haki yao wenyewe, na mahakama ikaandika hivyo waziwazi. Ongwen hakuwa na fedha hizo. Zilipaswa kutafutwa kwa wafadhili, na wengi wa waliostahili wanaendelea kusubiri.

Kony hajakamatwa. Hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2005, na Septemba 2025 mahakama ilisikiliza mashtaka dhidi yake bila yeye kuwapo, yakiwemo ya kuwafanya wanawake wake zake kwa nguvu. Watoto wake wa msituni waliotoka na mama zao sasa ni watu wazima. Wapo walioolewa, wapo wanaosoma, wapo wanaopanga chumba mjini Gulu kwa sababu kijijini hawana shamba.